Mbwa na Chakula Chake

Wasomaji wetu hutuuliza mara nyingi habari za ng'ombe, mbuzi na kuku, na maswali hayo ni mazuri, kwa kuwa wanyama hao ni mali. Habari za mbwa hatuulizwi, ingawa ni nyumba chache za shamba zisizokuwa naye. Yeye hulala nje akilinda mji, hufukuza nyani katika mahindi, hufuatana na watoto malishoni, na mshahara wake kwa kazi hizo zote ni chakula peke yake. Chakula chenyewe hatukipimi wala hatukitazami. Kikibaki sufuriani twamtupia. Kisipobaki twamwacha aende akajitafutie, na akirudi jioni hatushughuliki kujua alikuwa wapi wala alikula nini. Katika somo hili twataka kuonyesha kwamba jambo hilo lapasa kujulikana, kwa sababu alichokula mbwa leo porini chaweza kuingia kesho katika mwili wa mtoto anayecheza naye uani.

Tuanze na siku ya kuchinja. Mbuzi akiisha kuchunwa, mchinjaji hupasua tumbo akatazama ini na mapafu. Pengine huona humo malengelenge meupe, mengine makubwa kama yai la kuku au kupita, yamejaa maji maangavu. Husema, "Ini hili bovu," akalikata akalitupa. Na mbwa, aliyekuwa akingoja tangu alfajiri, hulidaka kabla halijafika chini. Watu hucheka, wakamsifu kwa wepesi wake. Hapo ndipo ubaya unapoanza.

Ndani ya malengelenge hayo mna vichwa vidogo vya mnyoo wa namna ya tegu, vingi mno, visivyoonekana kwa macho. Vikifika katika utumbo wa mbwa, kila kimoja hujishikiza na kukua kuwa mnyoo kamili. Tegu tuliyemzoea ni mrefu kama utepe, lakini huyu urefu wake ni milimita 3 hadi 6 tu, hata punje ya mchele huenda ikamzidi. Mbwa mmoja aweza kuwa na maelfu yake, naye asionyeshe dalili yoyote. Hula vizuri, hubweka vizuri, na nywele zake zang'aa. Baada ya majuma sita au saba minyoo huanza kutoa mayai, nayo hutoka pamoja na kinyesi. Mengine hubaki katika nywele zake, na kwa kuwa mbwa hujilamba, hufika puani na ulimini. Mengine huanguka penye majani na kando ya visima. Mbuzi, kondoo, ng'ombe au ngamia akiyala, huota malengelenge yale yale katika ini au mapafu, naye akichinjwa hulisha mbwa mwingine, na mambo hurudi mwanzo.

Binadamu naye akiyameza mayai hayo huota malengelenge kama mbuzi. Huyameza kwa mkono uliomshika mbwa kisha ukashika tonge, au kwa maji, au kwa chombo alichokilamba mbwa. Uvimbe hukua polepole sana, bila maumivu, miaka na miaka. Mtoto aliyeyameza akiwa na umri wa miaka minne aweza kuwa mtu mzima, ameoa na ana watoto, ndipo tumbo lake lianze kuvimba, watu wasikumbuke tena kwamba palikuwa na mbwa. Uvimbe ukipasuka ndani ya mwili waweza kumwua mtu mara moja. Dawa yake ni kupasuliwa na waganga wa hospitali, au kunywa vidonge vya albendazoli kwa miezi, na mara nyingine yote mawili pamoja. Nayo hayo si mepesi kwa mtu akaaye mbali na hospitali kubwa.

Katika Afrika ya Mashariki ugonjwa huu umejulikana zaidi kwa wenzetu wafugaji. Nchi ya Turkana katika Kenya imehesabiwa kuwa miongoni mwa mahali palipokuwa na wagonjwa wengi kupita pote duniani, na Wamasai wa Kenya na Tanzania wanaujua pia. Mwaka 1983 shirika la AMREF lilianza kazi ya kupambana nao kaskazini-magharibi ya Turkana. Watu walitazamwa matumbo kwa mashine ya ultrasaundi, ile ile itumikayo kumtazama mtoto tumboni mwa mama, na mbwa walipewa dawa iitwayo prazikwanteli kila baada ya majuma sita. Msomaji atafahamu kwa nini majuma sita: tumekwisha kusema kwamba mnyoo huhitaji majuma sita au saba kabla ya kutaga. Akipewa dawa kabla ya siku hizo kwisha, hufa bila kuacha mayai. Lakini mayai yaliyokwisha kuanguka chini dawa hiyo haiyawezi.

Wengine watasema kwamba jambo lililozoeleka namna hii haliondoleki. Sisi twawajibu kwa habari ya kisiwa cha Iceland, kule kaskazini ya dunia, penye kondoo wengi na baridi kali. Wenyeji wake waliumwa sana na ugonjwa huu. Mwaka 1863 mtaalamu kutoka Denmark, jina lake Harald Krabbe, alikwenda huko akapasua mbwa 100, akakuta zaidi ya robo yao wana mnyoo huyu. Akaandika kijitabu kidogo cha kuwafundisha watu. Kikapigwa chapa mwaka 1864 kwa lugha ya wenyeji, kikagawanywa katika nyumba zao. Watu wale walikuwa na desturi ya kusoma pamoja nyumbani wakati wa usiku mrefu wa baridi, basi wakakisoma. Baadaye zikawekwa sheria za kuwatibu mbwa na kuharibu viungo vibovu vya kondoo. Leo ugonjwa huo haupo tena kwao. Hawakuwa na vidonge vya siku hizi. Jambo kubwa walilofanya ni kumzuia mbwa asile kile alichotupiwa.

Kwa hiyo machifu na wazee wa vijiji wana kazi hapa isiyohitaji fedha nyingi. Mahali pa kuchinjia pawe na shimo refu lenye kifuniko kizito, au uzio ambao mbwa hapiti. Ini, pafu au wengu wenye malengelenge uchomwe moto hata uishe, au uzikwe katika shimo hilo, au uchemshwe. Kuchemsha maana yake ni vipande vidogo katika maji yanayotokota muda wa nusu saa au zaidi. Kumwagia maji ya moto hakutoshi. Siku za harusi, za matanga, za Krismasi na za Idi ya kuchinja, mbwa wafungwe tangu asubuhi, kwa kuwa siku hizo vichinjwa ni vingi na hakuna anayeangalia kilichotupwa nyuma ya nyumba. Mzoga wa mbuzi aliyekufa malishoni usiachwe pale. Watoto wafundishwe kunawa mikono kwa sabuni baada ya kumgusa mbwa, wala mbwa asitumiwe kulamba sufuria, kibuyu wala uso wa mtoto. Ndugu zetu Waislamu hujitenga na mate ya mbwa kwa sheria ya dini yao, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba. Katika jambo hili la chombo hata wasio Waislamu wangepata faida kuwafuata.

Sasa twaja kwenye chakula chenyewe. Watu wengi hudhani mbwa hutosheka na ugali mtupu. Ugali humshibisha, lakini haumjengi; mbwa aliyelishwa ugali peke yake huwa mwepesi wa kuugua, nywele zake hukatika, na ndiye aendaye kuiba mayai ya kuku na kula mizoga. Mbwa mzima wa kijijini, wa uzito wa kilo 15 hivi, hutosheka kwa siku na ugali wa unga wa gramu 200, pamoja na konzi moja au mbili za dagaa, au mabaki ya nyama yaliyochemshwa, au maharagwe yaliyoiva sana. Chakula hicho kigawanywe mara mbili, asubuhi na jioni. Dalili ya kiasi ni mbavu zake: ukimpapasa uzisikie mkononi, lakini ukiwa mbali usizihesabu. Jike mwenye mimba aliyekaribia kuzaa na anayenyonyesha huhitaji zaidi sana. Anayenyonyesha wengi aweza kula mara mbili au tatu ya kawaida yake. Maji safi yawepo mchana kutwa.

Watoto wa mbwa huanza kula uji mzito wenye dagaa za kusaga wakiwa na majuma matatu au manne, na waachishwe maziwa polepole mpaka juma la sita au la nane. Baada ya hapo walishwe mara nne kwa siku hata wafike miezi mitatu, kisha mara tatu hata miezi sita. Tumbo la mtoto wa mbwa likiwa kubwa na mbavu zimetoka, si shibe. Ni minyoo, naye apewe dawa.

Vitu vya kumnyima ni hivi. Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku na mbavu za mbuzi, huvunjika vipande vyenye ncha vikatoboa utumbo. Twajua kwamba wengi watashangaa, kwa maana ndiyo zawadi yake ya kila siku. Vitunguu, vya maji na vya saumu, hata vikiwa vimepikwa katika mchuzi, huharibu damu yake. Zabibu huharibu figo. Chokoleti, na ile sukari iitwayo zailitoli itiwayo katika peremende na ubani wa kutafuna, zaweza kumwua. Machicha ya pombe nayo yasiachwe wazi. Kumwona mbwa amelewa si mchezo, kwa kuwa mwili wake mdogo hauwezi kuivumilia pombe. Pia chombo chake kitazamwe. Tumeona mara nyingi mbwa akilishwa katika kopo lililokuwa na dawa ya kunyunyizia pamba au ya kuogeshea ng'ombe, mwenyewe akisema ameliosha. Kopo la namna hiyo halioshiki likawa chombo cha chakula cha kiumbe chochote. Litobolewe lisitumike tena.

Lakini kuna kitu kimoja kipitacho hivyo vyote kwa kuua, nacho hupewa mbwa kwa makusudi, kwa nia ya kutopoteza chakula. Ni mahindi yaliyoota ukungu. Mvua huingia ghalani, mahindi hubadilika rangi yakawa ya kijani au meusi, na mama wa nyumba huyachambua: mazuri ya watu, mabovu ya mbwa na kuku. Ukungu huo wa mahindi na karanga huweza kutoa sumu, ambayo sasa huitwa sumukuvu, nayo haionekani, haina harufu, wala haitoki kwa kupika. Katika mwaka 1904 hakuna aliyeijua. Ilipofika mwaka 2004 ilijulikana vema, na bado katika Kenya, sehemu za Mashariki na Kati, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao wakafa. Mbwa ni miongoni mwa wanyama walio dhaifu sana mbele yake. Huacha kula, hutapika, macho na fizi huwa manjano, huhara damu nyeusi, akafa, kwa sababu ini lake limekwisha haribika.

Machifu wanajua vizuri yafuatayo. Mbwa akifa hivyo ghafula, mwenyewe hukumbuka ugomvi wa mpaka wa shamba aliokuwa nao na jirani yake mwezi uliopita, akaenda barazani kumshitaki kwamba amemtilia sumu. Mashahidi huitwa, maneno mazito husemwa, na urafiki wa miaka huvunjika. Twawashauri wazee, kabla ya kusikiliza kesi ya namna hiyo, wamwulize kwanza mshitaki alimpa mbwa mahindi gani, na ikiwezekana waende wakatazame ghala. Kama ukungu umeonekana, watu wa nyumba hiyo wako hatarini pia. Mahindi hayo yasipewe ng'ombe wa maziwa, maana sehemu ya sumu hupita katika maziwa. Yafukiwe au yachomwe.

Twaja sasa katika tabia ya mbwa wakati wa kula, na hapa hatuna budi kusema kosa letu wenyewe. Tulikuwa na mbwa mwekundu, mlinzi hodari. Akila, mtu akipita karibu, alikuwa akikoroma. Sisi tuliona huo ni utovu wa adabu, na kila alipokoroma tulimpiga fimbo, hata akaacha kabisa, nasi tukajisifu kwamba tumemfunza. Baada ya miezi michache mtoto wa jirani, umri wake miaka mitatu, aliinama kuokota kipande cha ugali kilichoanguka kando ya chombo. Mbwa hakukoroma. Alimwuma shavuni. Tulimwosha mtoto kwa sabuni, tukampeleka hospitali akachomwa sindano, akapona, lakini kovu analo. Wazee walitutoza mbuzi, nasi tulimtoa bila kubisha.

Baadaye ndipo tulipofahamu tulilotenda. Kukoroma kwa mbwa ni onyo, kama mtu abishaye hodi kabla ya kuingia. Tulimpiga kwa sababu ya hodi, akajifunza kuingia bila hodi. Hofu yake ya kunyang'anywa haikuondoka. Sisi tuliongeza nyingine juu yake. Mwalimu awaonyeshe watoto dalili zinazotangulia: mbwa anayekula akikakamaa ghafula, akaacha kutikisa mkia, akainamisha kichwa juu ya chombo, akala kwa haraka zaidi, au akatazama kwa pembe ya jicho hata weupe wake ukaonekana, huyo anasema, "Usinikaribie." Mtoto arudi nyuma polepole, asikimbie wala asipige kelele.

Njia iliyo bora ni hii. Mbwa awe na mahali pake pa kula, mbali na jiko na mbali na mkeka wa watu, na saa zake zijulikane. Watu wakila asitupiwe kitu, hata kidogo. Mbwa aliyetupiwa tonge mara moja ataketi mbele ya wageni kila siku akiwatazama mdomoni. Kama mbwa ni wawili, kila mmoja awe na chombo chake, na katikati yao pawe na nafasi au ukuta. Akila, aachwe ale kwa amani, wala asinyang'anywe chombo kwa kumjaribu. Kwa mbwa anayeogopa, mtu mzima, wala si mtoto, apite mbali naye akimtupia kipande cha nyama kizuri kuliko kilicho chomboni, aende zake. Siku zifuatazo apite karibu kidogo zaidi. Mbwa atajifunza kwamba mtu akija wakati wa kula, huja kuongeza. Kazi hiyo huchukua majuma, nayo yataka saburi kuliko fimbo.

Jambo jingine ni ishara. Daktari Ivan Pavlov wa Urusi, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya usagaji wa chakula tumboni, alionyesha kwamba mbwa akizoeshwa ishara fulani kabla ya chakula, baadaye hutokwa mate kwa ishara hiyo tu, chakula kisionekane bado. Sisi twaweza kutumia elimu hiyo kwa kopo na kijiti. Kopo ligongwe kila siku kabla ya kulisha, na mbwa atakuja mbio popote alipo. Faida yake huonekana siku ya chanjo. Bwana Mifugo hufika kijijini na sindano zake, mbwa wote hukimbilia vichakani, na watu hutoka jasho bure. Lakini mwenye kopo hugonga mara tatu, na mbwa wake yu miguuni pake. Si jambo dogo, kwa maana wataalamu wameona kwamba kichaa cha mbwa huzuiwa pale ambapo mbwa 70 katika kila 100 wamechanjwa, na chanjo hiyo yapasa kurudiwa kwa wakati wake.

Tumekitaja kichaa, na kuna jambo lake linalohusu chakula ambalo wengi hawalijui. Si kila mbwa mwenye kichaa hukimbia huku na huko akiuma. Wengine hutulia, taya la chini hulegea, mate hutiririka, naye hukaribia chombo lakini hawezi kumeza. Mwenye mbwa, kwa huruma, hudhani mfupa umemkwama kooni, akatia mkono kinywani kuutafuta, na mate yenye ugonjwa hupenya katika mchubuko wa kidole. Mbwa aliyeacha kumeza asiguswe kinywa na mtu asiye mtaalamu. Afungiwe mahali peke yake ikiwezekana bila kumshika, na Bwana Mifugo aitwe.

Mtu aliyeumwa, au aliyelambwa penye jeraha, aoshe mahali hapo papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayomiminika, muda wa dakika 15 kwa saa, kisha aende hospitali siku ile ile kuchomwa sindano za chanjo, wala asingoje kuona kama mbwa atakufa. Tangu mwaka 1885, mwanachuoni Louis Pasteur wa Ufaransa alipomchanja mvulana aliyeumwa na mbwa, watu wengi wameokolewa kwa njia hiyo. Lakini dalili za ugonjwa zikiisha kuanza, karibu wote hufa. Dawa za miti zisipakwe jerahani badala ya sabuni. Mbwa akifa au akiuawa, asitupwe wala asizikwe kabla Bwana Mifugo hajapata habari, maana yeye huhitaji kichwa chake kwa kupima ubongo. Na mwenye kumsogeza avae mifuko ya plastiki mikononi.